Ndege Aliyechorwa Bila Jicho

Ndege alikuwa na jicho.

Kitinda alisogeza uso karibu hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akarudi nyuma, akafuta ukungu kwa upindo wa mtandio, akatazama tena. Jicho lilikuwa pale pale: jekundu, la mviringo, linang'aa kama tone la rangi ambalo halijakauka. Akajiambia labda ni kivuli, labda ni kasoro ya kioo. Akahamia kushoto, akahamia kulia, na jicho likamfuata.

"Mama, usiguse kioo tafadhali," mlinzi wa ukumbi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Huyo ndege hauzwi."

"Sijaja kununua," alijibu.

Ukumbi ulikuwa na giza la makusudi. Picha zilikuwa za rangi za maji, zilizochorwa enzi za ukoloni, zikapelekwa Ulaya na kukaa huko makabatini miaka yote hiyo. Sasa jumba la makumbusho lilikuwa limeziazima, zionekane kidogo halafu zirudi zilikotoka. Chini ya kila picha palikuwa na kibao chenye jina la ndege la kisayansi na jina la Mzungu mwenye mkusanyo. Huyu mwenye jicho jekundu alipewa jina la mke wa gavana, mama ambaye hakuwahi kukanyaga msitu ule hata siku moja. Jina la aliyechora halikuwapo popote.

Aliyechora alikuwa nyumbani, kwenye kiti cha kamba uani, akimsubiri Kitinda, binti yake wa mwisho, arudi amwambie kama ndege ana jicho au hana.

Mtaani walimwita Mzee Manyoya. Vijana walidhani ni kwa sababu ya nywele zake nyeupe zilizosimama ovyo. Lakini ujanani mzee alikuwa mchoraji wa Mzungu mmoja aliyezunguka misituni kukusanya ndege. Wapagazi walimbandika jina la Bwana Nyamaza, maana katika lugha yao hilo ndilo neno alilolijua barabara. Serikali ilimpa kibali cha msitu mzima, na wenyeji waliozoea kuokota kuni humo wakaambiwa wakae mbali hadi Bwana amalize. Alipiga bunduki, alitega nyavu, na ndege mzuri akipatikana aliletwa kwa mchoraji angali hai.

Angali hai kwa sababu ya jicho. Ndege akifa, manyoya hubaki na rangi yake hata ukimkausha ukamjaza pamba. Jicho ndilo hupotea. Linaingia utando, linageuka rangi ya majivu, na baada ya hapo hakuna ajuaye lilikuwaje. Kwa hiyo Bwana Nyamaza alikuwa na utaratibu wake: jicho kwanza. Mchoraji alichora huku ndege amefungwa kitambaa, anapumua haraka haraka, na Bwana amesimama nyuma yake. Kwenye jicho hakuwa na mzaha hata kidogo. Aliwahi kuchana picha nzima kwa sababu njano ya jicho ilikolea kupita kiasi. Akiridhika aliuliza, "Jicho tayari?" Mchoraji akijibu, "Tayari, Bwana," Mzungu alimchukua ndege, akamminya kifua kwa vidole viwili, taratibu, hadi akatulia. Damu haikutoka, manyoya hayakuharibika. Sehemu nyingine zingechorwa baadaye, bila haraka.

"Yeye alikuwa akiminya," mzee alizoea kuwaambia wanawe, "lakini neno lilitoka kinywani mwangu."

Siku moja Bwana Nyamaza alilala na homa. Mchoraji akaenda mwenyewe kukagua nyavu, akamkuta ndege ambaye wote walikuwa wakimsikia tu na hakuna aliyewahi kumwona. Wapagazi walimwita Cherehani, kwa kuwa sauti yake ilikwenda trrr, ikakatika, trrr, kama fundi anayeshona pindo. Mgongo wa kijani, kifua rangi ya kutu, mkia mrefu kuliko mwili. Mchoraji akamfunga kitambaa, akaketi naye nyuma ya hema, na kwa mara ya kwanza akaanza na mkia. Akapanda mgongoni, akachora mabawa, miguu, mdomo. Jicho hakuligusa. Jua lilipoanza kuinama, sauti ya kigonjwa ikatoka hemani: "Jicho tayari?"

Hakujibu. Alikwenda hadi kwenye miti, akafungua kitambaa.

Aliporudi alisema ndege amemponyoka. Bwana Nyamaza alitoka akijikokota na blanketi mabegani, akaiona picha, na homa ikamruka. Akauliza jicho lilikuwa rangi gani. "Sikuangalia," mchoraji akasema. Makofi yakamshukia, kazi ikaisha papo hapo, na alipokuwa akikusanya brashi zake akasikia kiapo: "Nitampata. Siondoki hapa mpaka nimpate, na jicho lake nitalitia mimi mwenyewe."

Hilo ndilo mzee alilolibeba maisha yake yote. Picha ikiwa imebaki bila jicho, Cherehani alinusurika. Ikiwa na jicho, basi kumfungulia kule kulikuwa kumchelewesha tu.

Baada ya hapo aliishi kwa kuandika mabango, na Kitinda akarithi brashi. Bucha, saluni, duka la dawa, fundi viatu: nusu ya mabango ya mtaa ule yalitoka mikononi mwao. Lakini macho mzee hakuchora tena. Kuku wa muuza mayai alikuwa ameinamia punje. Bibi wa saluni alikuwa amegeuka, unaona nywele tu. Wanaume wa vinyozi wote walikuwa wamefumba macho, na kinyozi wa kona alilalamika waziwazi.

"Mzee, watu wananiuliza kama hapa tunanyoa maiti."

"Waambie ananyolewa vizuri mpaka kasinzia."

Kitinda alikuwa akiucheka utani huo tangu utotoni. Siku ile, akitoka ukumbini, aliupita ubao wa kinyozi akaangalia chini.

Alitembea hadi nyumbani kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu, ndiye aliyemfungulia. Alimtazama usoni mara moja tu.

"Lipo."

"Lipo," Kitinda akasema.

Dada Mkubwa akauvuta mlango nyuma yake, wakabaki barazani wakinong'ona kama wezi. Moyo wa baba yao ulikuwa umechoka. Kwa sababu hiyo daktari alikataa kumpasua mtoto wa jicho, akasema tena asishtuliwe, asipandishwe ngazi, asiudhiwe. Jicho lake moja lilikuwa limefunga kabisa. La pili liliona watu kama nguo zilizoanikwa.

"Sasa sikiliza. Unaingia, unamwambia halina. Picha iko vile vile ulivyoiacha, baba. Unatabasamu. Basi."

"Mimi sijui kumdanganya baba."

"Hujui! Na yule kijana wa gereji, ulikuwa unamwambia ni nani? Mwalimu wa hesabu?"

"Na hakuniamini hata siku moja."

"Basi jitahidi leo. Au unataka tumpeleke hospitali akiwa mgongoni?"

Kitinda akajikaza, akaingia uani. Mzee alikuwa ameshageuza uso kuelekea mlio wa kandambili zake. Mikono ilikuwa magotini, imetulia, ila kidole gumba kimoja kilikuwa kikisugua kingine bila kukoma.

"Mama, umerudi."

"Nimerudi, baba."

"Umemwona?"

Neno lilikuwa limekaa tayari ulimini: halina. Ni neno dogo tu. Lakini lilipofika kwenye meno likageuka lingine. "Kulikuwa na watu wengi, baba. Watoto wa shule. Sikuweza kufika karibu."

Nyuma ya pazia Dada Mkubwa akafyonza kwa nguvu.

Kidole gumba kikaacha kusugua. "Basi nitakwenda mwenyewe," akasema.

"Baba!" Mabinti wote wawili kwa pamoja.

"Maonyesho yanafungwa Jumapili. Mimi nafungwa lini sijui. Ngoja niwahi hilo la Jumapili."

Hakukuwa na wa kumrudisha nyuma. Kesho yake akavaa koti lake la kijivu, akachomeka brashi ndogo mfukoni kama wengine wanavyochomeka kalamu, akaketi mlangoni akisubiri teksi ya jirani. Dada Mkubwa alimtia Kitinda dawa mkobani, kidonge cha kuweka chini ya ulimi, chupa ya maji na taulo. Halafu akamwinamia sikioni.

"Ulikuwa na nafasi ya kusema neno moja hapa hapa uani, karibu na kitanda. Sasa unakwenda kulisema mbele za watu. Ukinirudishia baba akiwa vibaya, usibishe hodi hapa."

Garini Kitinda hakuona barabara. Alikuwa akisikiliza pumzi ya baba yake, jinsi inavyopanda, inavyokwama kidogo, inavyoshuka. Kila ilipokwama na yeye alikwama. Huku akijizoeza moyoni: halina, baba. Liko jeupe, baba. Karatasi tupu, baba. Alijaribu kwa sauti ya furaha, akajaribu kwa sauti ya kawaida. Zote zilikuwa na harufu ya uongo.

"Umenishika mkono kama unanipeleka polisi," mzee alisema.

Akalegeza vidole. Baada ya muda mfupi vilikuwa vimekaza tena.

Mbele ya jumba la makumbusho palikuwa na ngazi, pana na ndefu, za mawe. Kitinda hakuwa amezifikiria. Jana alizipanda akikimbia. Sasa alisimama chini yake na baba yake amemwegemea, akazitazama kama mtu anayetazama mto uliofurika. Mlinzi yule yule alikuwa juu, akivuta hewa. Akawaona, akashuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi ndege wenu mmewaweka juu ili wasikimbie?"

Mlinzi akacheka, akawazungusha nyuma kwenye mlango wa kuingizia mizigo, ambako hapakuwa na ngazi hata moja. Wakapita kati ya makreti na nyaya za mafundi umeme, wakatokea ukumbini.

"Mbona giza?" mzee akauliza.

"Mwanga unakula rangi, mzee. Wenyewe wametuagiza tusiwashe taa kubwa."

"Rangi hizi nilizichanganya juani," mzee akasema, lakini kwa sauti ya chini, na mlinzi hakusikia.

Kitinda aliona kilichompata baba yake. Lile jicho moja, lililokuwa likiona nguo zilizoanikwa, humu ndani halikuona hata nguo. Mzee alikuwa amesafiri mpaka kwenye picha zake na alichokikuta ni giza na harufu ya nta ya sakafu. Kila kitu kingetoka mdomoni mwa binti yake.

Wakaanza ukutani mwa kushoto. Alimweleza: huyu ana kilemba cha buluu, amesimama kwenye tawi kavu, anatazama nyuma. Mzee akainua kidole cha kati. "Alinidonoa hapa. Alama nilikaa nayo muda mrefu." Huyu ni mweusi, koo la dhahabu. "Huyo alikuwa mpole. Alilala kabla hata sijamaliza jicho." Huyu ana mdomo kama kisu cha kukatia nyavu. Walipofika kwa yule aliyefuata, pumzi ilikuwa imeanza kuwa fupi, na mkono wake ndani ya mkono wa Kitinda ulikuwa na jasho baridi.

"Tupumzike, baba. Kuna benchi."

"Twende."

Cherehani alikuwa mwisho wa ukuta, karibu na mlango wa kutokea. Kitinda alimwona kwa mbali, yule wa kijani, na jicho limemkodolea. Wazo likamjia: wapite moja kwa moja, watoke nje, amwambie, tumemaliza, baba, hayumo, hawakumleta. Ni hatua chache tu. Mzee haoni. Nani angemwambia? Akaongeza mwendo kidogo, na kweli wakaanza kuipita picha.

Mzee akasimama.

"Ni huyu," akasema.

"Baba, umejuaje?"

"Mkono wako. Tangu getini unatetemeka, na hapa umeacha ghafla, kama wa mtu aliyeona chui." Akageuka polepole hadi uso wake ukaelekea kioo. Alikuwa karibu sana. Pumzi yake ikatia ukungu pale pale palipotiwa ukungu jana. "Usinidanganye, mama. Jana hapakuwa na watoto wa shule. Jicho lipo."

Kitinda alifungua mdomo. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya mkoba, umeshakamata kidonge.

"Lipo, baba."

Mzee akafumba macho. Rangi ilimtoka usoni. Midomo ilikuwa imekauka, ikicheza kidogo bila sauti, na Kitinda akaanza kumtafutia pa kumlaza kwa macho, sakafuni, kwenye benchi, popote, huku anaisikia sauti ya Dada Mkubwa sikioni mwake.

"Rangi gani?" mzee akauliza.

"Eh?"

"Jicho. Rangi gani?"

"Jekundu."

"Jekundu vipi? Damu? Tofali?"

Miaka yote aliyomfundisha kuchanganya rangi alikuwa akimuuliza hivyo hivyo, bila huruma, na Kitinda akajikuta anajibu kama mwanafunzi. "Si damu, baba, wala si tofali. Ni wekundu mtupu, haukuchanganywa na kitu. Kama wa bango la bucha."

"La bucha!"

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Kitinda alimkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, taulo likaanguka, chupa ya maji ikabiringika chini ya benchi, akamwita mlinzi kwa sauti iliyopasuka, "Kaka! Kaka, njoo, tafadhali!" Ndipo akasikia. Mzee alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa sauti nyembamba iliyokuwa ikitoka vipande vipande, machozi yanamtiririka, na kidole chake kikielekea kwenye kioo.

"Hawakumpata," alisema. "Kitinda, hawakumpata!"

"Baba, kaa chini kwanza."

"Bwana yule angekufa kuliko kutia jicho la uongo. Angempata, angelitia lilivyo, hata kwa kuchora mara mia. Hili kalitia mtu wa huko kwao, aliyechoka kutazama tundu jeupe. La bucha! Kachukua chupa ya kwanza aliyoiona mezani!" Akacheka tena.

Mlinzi alifika anahema. Alipoona hakuna mgonjwa akaona aibu, akatazama wageni wawili waliogeuka, akasema kwa heshima yote, "Mzee, nyamaza kidogo tafadhali."

Basi hapo mzee alishindwa kabisa. Ilibidi wamkalishe.

Alipotulia, alipokunywa maji, Kitinda alipiga magoti mbele yake akaanza kumpangusa uso.

"Lilikuwa rangi gani, baba? Lile la kweli."

Mzee alielekeza uso juu, upande ambao hapakuwa na kitu.

"Sikuangalia," akasema.

Dada Mkubwa hakuamini neno hata moja. Alimpima baba yao presha, akampima tena, kisha akamvuta Kitinda jikoni. "Amekudanganya. Ameona umekaribia kuzimia, akakuhurumia. Jicho jekundu linaweza kuwa ndilo hasa. Nani anajua?"

Kitinda hakulala vizuri siku zile. Ilikuwa kweli: hakuna aliyejua ila mzee, na mzee hasemi. Alimchungulia akila, alimchungulia akiota jua, akitafuta usoni dalili ya mtu aliyemeza uchungu ili mwingine asiuonje. Hakuona kitu. Ila kidole gumba hakikusugua tena.

Kisha kinyozi wa kona akaleta ubao mpya. Kitinda aliuchora uani, kiti, shuka, kichwa cha mwanamume, na kama kawaida ya nyumba ile akamwekea kope zilizofumba. Alikuwa akisuuza brashi kwa tapentaini mzee aliposema, "Nipe hapa."

"Nini, baba?"

"Ubao. Uweke mapajani. Nishike mkono mpaka kwenye uso, halafu uniachie."

Alichomoa brashi ndogo mfukoni. Alipapasa kwa kidole ilipo pua, akapima, akachora. Nyeupe kwanza, juu ya kope zilizofumba, halafu nyeusi, halafu nukta ya mwanga. Jicho moja lilipanda karibu na nyusi, la pili likatazama pembeni. Yalikuwa wazi kabisa, yamekodoka. Kitinda alisimama nyuma yake ameziba mdomo kwa kiganja, na Dada Mkubwa, aliyekuja na dawa, akasimama pia.

"Tayari," mzee akasema.

Kinyozi aliuangalia ubao upande huu na upande ule. "Mzee, zamani alikuwa maiti. Sasa kaona maiti." Lakini akautundika.

Mzee Manyoya hakumaliza mwezi uliofuata. Aliondoka asubuhi, kitini, uani, jua likiwa bado halijafika miguuni pake. Moyo ulichoka tu, Dada Mkubwa alisema, na akamfumba macho kwa mkono wake.

Jua halina adabu na rangi za nje. Ulipofika wakati, kinyozi alimwita Kitinda aurudie ubao, umefifia, wateja hawasomi tena. Alipanda kwenye stuli akiwa na makopo yake. Alirudia herufi. Alirudia kiti, shuka, nywele, sikio. Kinyozi alikuwa chini amemshikia stuli.

"Na hayo macho uyanyooshe, fundi. Moja limepanda."

Kitinda aliingiza brashi ndani ya kopo la tapentaini, akaisuuza vizuri, akaifuta kwa kitambaa.

"Hayo tayari," akasema, akaanza kushuka.